Jina peke yake halitoshi: somo la waandishi wa programu kwa orodha za familia zilizokimbia vita

Miji ya Goma, Bukavu, Bunia na Butembo ina vijana wengi wanaojifunza kuandika programu za kompyuta na za simu. Wengine wanasoma kwenye vyuo vikuu. Wengine wanajifunza peke yao usiku, wakati umeme unapatikana na megabaiti hazijaisha. Kazi wanazoombwa mara nyingi ni za aina moja, ni kutengeneza orodha: ya wanafunzi, ya wagonjwa wa kituo cha afya, ya wanachama wa kikundi cha akiba, na katika miaka hii ya vita, orodha ya familia zilizoacha vijiji vyao.

Kwa hiyo kuna somo moja ambalo walimu wengi hulipita haraka, na ambalo lingepaswa kuwekwa mbele: namna ya kuzuia majina yasigongane. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Katika programu, vitu viwili vyenye jina moja vikiwekwa mahali pamoja, kimoja kinakifukuza kingine, na mara nyingi hakuna anayepewa habari. Kwa mtu anayetengeneza mchezo wa simu, hiyo ni hasara ndogo. Kwa mama anayesimama kwenye mstari na jetoni mkononi, akaambiwa kwamba jina lake limekwisha kupokea mgao, hasara hiyo ni chakula cha watoto.

Kugongana kunatokea namna gani

Programu kubwa haiandikwi kwenye faili moja. Inagawanywa katika vipande, na wenye kazi wanaviita moduli. Mfano ni huu: kijana wa kwanza anaandika moduli ya kuandikisha familia, wa pili anaandika moduli ya mgao wa vyakula. Ndani ya kila moduli kuna amri, na kila amri ina jina lake. Wa kwanza ameita `tafuta` amri yake ya kutafuta familia. Wa pili, bila kujua, naye ameita `tafuta` amri yake ya kutafuta magunia yaliyobaki ghalani. Kila mmoja akifanya kazi peke yake, hakuna kosa lolote. Kosa linazaliwa siku ya kuunganisha.

Katika lugha ya Python, ambayo ndiyo vijana wengi wanaanza nayo, wanaoanza wanapenda kuandika `from familia import *`, kisha mstari wa chini `from mgao import *`. Nyota ile maana yake ni "leta kila kitu". Kuanzia hapo, `tafuta` ya familia imefunikwa na `tafuta` ya mgao. Python haisemi neno. Haioni kosa, kwa sababu kwa sheria zake mgeni wa mwisho ndiye anayechukua kiti. Anayebonyeza ili kutafuta familia anapelekwa ghalani. Heri programu ikisimama na kulalamika, maana mtu atatafuta kosa. Ikiendelea na kutoa jibu lisilo sahihi, jibu hilo litaandikwa, litachapishwa, litapelekwa kwa mkuu wa kambi, na watu wataliamini kwa sababu limetoka kwenye kompyuta.

Kuna mtego mwingine ambao wanafunzi wa Python wanaanguka ndani yake karibu kila mwaka. Mwanafunzi anajifunza kuchagua namba kwa kubahatisha, anahifadhi zoezi lake kwa jina `random.py`. Python yenyewe ina moduli ya zamani yenye jina hilo. Programu yake inapoita `random`, Python inatazama kwanza kwenye folda ya programu hiyo, inaikuta ile ya mwanafunzi na kuichukua. Mwanafunzi anapoteza siku nzima akishangaa kwa nini moduli ambayo dunia yote inaitumia haifanyi kazi kwake. Moduli haina shida. Mwenyewe ameifunga mlango kwa jina alilochagua.

Dawa ambayo wakaaji wanaijua tayari

Dawa ya ugonjwa huu si ngeni. Iko ndani ya simu ya kila mtu. Nani mjini Goma ana Furaha mmoja tu kwenye simu yake? Kuna Furaha Majengo, kuna Furaha mshonaji, kuna Furaha wa Minova. Kuna Papa Bahati wa Ndosho na Papa Bahati wa kwaya. Hakuna aliyewafundisha watu shuleni kuandika hivyo. Waliona kwamba jina moja linabeba watu wengi, wakalipa kila jina mahali pake pa kukaa.

Waandishi wa programu wamefanya vilevile, kila lugha kwa njia yake. Lugha ya C, iliyozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, haina nyumba za kutenganisha majina ya moduli. Kwa hiyo wanaoitumia hutanguliza alama ya ukoo mbele ya kila jina. Maktaba ya SQLite, inayohifadhi taarifa ndani ya simu nyingi duniani, inaanzisha majina ya amri zake kwa `sqlite3_`. Maktaba ya picha za PNG inaanza na `png_`. Ni kama kusema Furaha mshonaji kila mara, bila kufupisha.

C++ ilikwenda mbele zaidi, ikajenga nyumba za majina. Vitu vya maktaba yake ya msingi vinakaa ndani ya nyumba moja inayoitwa `std`, na anayevitaka anataja nyumba kwanza. Lakini wanaoanza wanafundishwa mstari mmoja, `using namespace std`, unaofungua milango yote na kumwaga majina barabarani. Mwaka 2017 lugha hiyo iliongeza jina jipya, `byte`, ndani ya `std`. Programu zilizokuwa zimefungua milango yote, na huku zikitumia maktaba za Windows ambazo nazo zina `byte` yao, zilikwama. Waliokuwa na tabia ya kutaja nyumba kwanza hawakuguswa.

JavaScript, lugha ya kurasa za intaneti, iliishi miaka ishirini bila moduli rasmi. Zilipoingia mwaka 2015, kurasa nyingi zilikuwa zimejaa majina yaliyotupwa uwanjani. Maktaba mbili zilizopendwa sana, jQuery na Prototype, zote zilitaka kumiliki alama moja, `$`, mpaka jQuery ikalazimika kuweka amri maalumu ya kurudisha alama hiyo kwa mwenzake. Mwaka 2018 wenye kutunza lugha hiyo walitaka kuongeza amri iitwayo `flatten`. Ikaonekana katika majaribio kwamba kurasa za zamani zinaharibika, kwa sababu maktaba moja ya kale, MooTools, ilikuwa imekwisha kuweka jina hilo mahali ambapo si pake. Mwishowe lugha yenyewe ndiyo iliyosogea: amri ikaitwa `flat`. Aliyetangulia kukalia uwanja wa watu wote bila ruhusa aliwalazimisha wengine wapite pembeni.

Nchi yenye jina la watu wawili

Wakongomani wana mfano mkubwa kuliko yote hiyo. Mwaka 1960, kati ya Juni na Agosti, nchi mbili zinazotazamana ng'ambo na ng'ambo ya mto mmoja zilipata uhuru, na zote mbili zikachukua jina la Jamhuri ya Kongo. Barua, habari za redio na mikutano ya kimataifa vingewezaje kuzitenganisha? Watu walifanya kile ambacho mwandishi wa programu angefanya: wakabandika jina la mji mkuu. Moja ikawa Kongo-Léopoldville, nyingine Kongo-Brazzaville.

Hata leo utengano huo unafanya kazi kila siku. Simu ya Kinshasa inaanza na 243, ya Brazzaville na 242. Anwani za intaneti za upande huu zinaishia na `.cd`, za upande wa pili na `.cg`. Na hapo ndipo somo linarudi kwenye programu. Lugha ya Java ina desturi kwamba kila kundi la moduli lianze na anwani ya intaneti ya mwenye kazi, ikiandikwa kinyumenyume. Shirika la Bukavu lenye anwani ya `.cd` linaanzisha majina yake kwa `cd`, kisha jina la shirika, kisha jina la kazi. Anwani moja ya intaneti haina wenye wawili kwa wakati mmoja, kwa hiyo majina ya Bukavu hayawezi kugongana na ya Brazzaville wala ya Nairobi, hata kama waandishi wake hawajawahi kuonana.

Jina lisifungwe kwenye kitu kinachohama

Lakini dawa hii ina upande wa pili, na huo ndio unaowahusu zaidi wakimbizi wa ndani. Kongo-Léopoldville haikudumu. Mwaka 1966 mji ukaitwa Kinshasa, mwaka 1971 nchi ikaitwa Zaire, mwaka 1997 ikarudi kuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kila mara waliokuwa wamefunga majina yao kwenye jina la zamani walilazimika kuandika upya. Hata `.cd` yenyewe ilichukua nafasi ya `.zr` ya wakati wa Zaire.

Programu nazo zimepata taabu hiyo. Kwa miaka mingi, sehemu kubwa ya moduli za Java zinazotumiwa na mabenki na serikali zilikuwa na majina yanayoanza na `javax`. Mwaka 2017 kampuni ya Oracle iliamua kukabidhi kazi hiyo kwa shirika la Eclipse Foundation. Kazi ilihama, lakini jina halikuruhusiwa kuhama nayo kwa uhuru. Mwaka 2020 majina yote yakabadilishwa, yakaanza na `jakarta`, na watengenezaji duniani wakapitia programu zao faili baada ya faili. Amri zilikuwa zilezile, lakini programu zilizozitafuta kwa jina la zamani hazikuzipata.

Kwa familia zilizokimbia, habari hii haihitaji tafsiri. Orodha nyingi zinamtambulisha mtu kwa jina lake na mahali alipoandikishwa. Lakini mahali panahama. Mwanzoni mwa mwaka 2025 kambi kubwa za kandokando ya Goma, kama Bulengo na Lushagala, zilibaki tupu. Wengine walirudi vijijini, wengine wakaingia kwa jamaa mjini, wengine wakaendelea na njia. Mtu aliyeandikwa "Amani wa Bulengo" yuko wapi leo, na orodha mpya itamjuaje? Akifika mahali pengine atakuta Amani wengine watatu, na alama iliyokuwa ikimtenganisha nao imebaki nyuma pamoja na hema.

Vijiji navyo vinafanana majina, na eneo linaweza kubeba jina la mji wake. Anayeandika "Beni" anataja mji au teritware? Anayeandika "Rutshuru" anataja kituo au eneo zima? Zaidi ya hayo, nchi haijahesabu watu wake tangu 1984, na kwa watu wengi kadi ya mpiga kura ndiyo inayoshika nafasi ya kitambulisho. Mtoto hana kadi hiyo, na aliyekimbia usiku huenda ameiacha nyumbani.

Kwa sababu hiyo, kijana anayetengeneza orodha anapaswa kushika kanuni moja: alama inayomtenganisha mtu na mwenzake itokane na kile kisichobadilika. Jina la kambi linaweza kuandikwa kama habari ya leo, mahali pa kumkuta mtu. Lisiwe sehemu ya kitambulisho chake.

Je, namba zinatosha?

Wengine watasema: kwa nini kusumbuka na majina? Kila familia ipewe namba, shauri limekwisha. Ni jibu zuri kwa nusu. Kambi ya kwanza inaanza na 1, kambi ya pili nayo inaanza na 1. Siku orodha mbili zinapounganishwa, kuna familia mbili namba 47, na wa mwisho kuingia anamfunika wa kwanza, sawasawa na ile `tafuta` ya Python. Namba nazo ni majina, na zinagongana vilevile.

Kuna namna iliyo bora, na haihitaji mtandao wala ofisi kuu. Python ina moduli iitwayo `uuid`. Amri yake ya `uuid4` inatoa, kwa kubahatisha, alama ndefu ya herufi na tarakimu 32. Nafasi ya simu mbili kutoa alama moja ni ndogo kiasi kwamba hakuna haja ya kuihesabu. Simu moja inaweza kuandikisha watu Kalehe bila mtandao, nyingine ikaandikisha Masisi, na jioni orodha zikiunganishwa hakuna anayemfunika mwingine. Alama hiyo haitaji kambi, wala kabila, wala kijiji. Katika sehemu ambako kujulikana umetoka wapi kunaweza kuwa hatari, hiyo ni faida ya pili.

Hata hivyo alama hiyo inazuia tu watu wawili wasifanywe mmoja. Haizuii mtu mmoja kuandikishwa mara mbili, kwa sababu kila akiandikishwa anapata alama mpya. Kwa hilo bado linahitajika jina kamili, jina la mama, mwaka wa kuzaliwa, na zaidi ya yote mtu wa kuuliza.

Kuna pia kugongana kwa makusudi. Mwaka 2021 mtafiti wa usalama Alex Birsan alionyesha kwamba angeweza kuweka hadharani moduli zenye majina sawa na moduli za siri za makampuni makubwa, kati yao Apple na Microsoft, na kompyuta za makampuni hayo zikachukua ya kwake badala ya ile ya nyumbani. Alifanya hivyo ili kuwaonya. Mwizi angefanya kwa faida yake. Ikiwa makampuni yenye fedha hizo yalidanganywa na jina tu, orodha ya daftari na simu moja haiwezi kujivuna.

"Sisi ni wachache, haitatokea"

Vijana wengine wanajibu kwamba majina marefu yanachosha, kwamba kikundi chao ni cha watu wawili, kwamba programu yao ni ndogo. Ni kweli kwamba leo hakuna kugongana. Lakini kila kitu kinachofaa kinakua. Programu ya kambi moja ikifanya kazi vizuri, kambi ya jirani itaiomba. Shirika litakuja na orodha yake. Siku hiyo ndiyo siku ya majina kukutana, na siku hiyo hakuna nafasi ya kuandika upya, kwa sababu lori la unga limekwisha kufika.

Kuandika `familia.tafuta` badala ya `tafuta` ni kuongeza herufi chache. Ikiwa jina la moduli ni refu, Python inaruhusu kulifupisha kwa neno `as`, na bado nyumba inatajwa. Tim Peters, aliyeandika kanuni fupi za Python zinazojulikana sana, alizifunga kwa kuzisifu nyumba za majina. 

Wanaofundisha wanaweza kuanza na mambo matatu. La kwanza, nyota ya `import` isitumike katika kazi ya watu wengine. La pili, hakuna faili kupewa jina la moduli ambayo lugha inayo tayari. La tatu, na ndilo kubwa, programu isiruhusiwe kunyamaza. Majina mawili yakikutana, isimame na kumuuliza mtu: hawa ni wawili au ni mmoja? Kompyuta ikichagua peke yake, kuna familia inayofutwa bila kusikilizwa.

Mashirika yanayolipia programu hizo nayo yana swali la kuuliza kabla ya kutia sahihi: orodha mbili zikiunganishwa, itakuwaje kwa watu wenye jina moja? Mtengenezaji asiyekuwa na jibu hajamaliza kazi.

Na familia zenyewe zina haki ya kuuliza. Anayeandikishwa aombe jina liandikwe lote, pamoja na la mama na mwaka wa kuzaliwa, kisha asomewe lilivyoandikwa. Namba au alama anayopewa aiandike mahali pawili, na mmoja wa jamaa aishike. Akiambiwa "jina lako limekwisha kupokea", asiondoke. Aulize: ni jina langu, au ni mimi? Mara nyingi kompyuta inajua la kwanza tu, na la pili linahitaji mtu mwingine kuinua kichwa na kumtazama.